Mazoezi Yasiyonunuliwa: Misuli ya Nyonga na Afya ya Ndoa Kibera na Kawangware

Chini kabisa ya tumbo la binadamu, kati ya mfupa wa kinena ulio mbele na kifandugu kilicho mwisho wa uti wa mgongo, limetandazwa tabaka la misuli ambalo wataalamu huliita sakafu ya nyonga, nalo hubeba kibofu cha mkojo, utumbo wa mwisho na, kwa mwanamke, mji wa mimba, kama kitako cha kiondo kinavyobeba kila kilichotiwa ndani. Katika tabaka hilo hupita njia za mwili, mbili kwa mwanamume na tatu kwa mwanamke, na misuli inayozizunguka ndiyo inayozifunga mtu anapojizuia na kuzilegeza anapokwenda haja. Kazi hizo mbili, kubeba na kufunga, hufahamika kwa urahisi. Ile ya tatu husemwa kwa nadra, ingawa haiwahusu watu wachache: misuli hiyo hiyo hushiriki katika tendo la ndoa tangu mwanzo wake hadi mwisho.

Kwa mwanamume, misuli miwili iliyo kwenye shina la uume hukaza na kubana mishipa inayorudisha damu mwilini, hivyo damu iliyoingia hubaki na uume husimama imara, na wakati wa kilele misuli hiyo hiyo hujikaza kwa mfululizo na kuzisukuma mbegu nje. Kwa mwanamke, misuli inayozunguka uke huuwezesha kushika na kulegea, husaidia damu kufika kwenye kinembe, yaani kile kiungo kidogo chenye hisia kali kilicho juu ya mlango wa uke, na wakati wa kilele hujikaza na kulegea yenyewe kila baada ya muda usiofika sekunde moja, jambo lililopimwa na watafiti wa Marekani William Masters na Virginia Johnson katika kazi yao iliyochapishwa mwaka 1966. Misuli ikidhoofika, basi, mkojo huvuja, na pamoja na hilo hisia hupungua, uume huweza kulegea mapema, na tendo ambalo lingewaunganisha wawili hugeuka chanzo cha shaka baina yao.

Hali hii inaweza kumpata mtu yeyote popote duniani, lakini katika vitongoji vya Kibera na Kawangware jijini Nairobi maisha yenyewe huielemea misuli hiyo kwa namna ambayo wakazi wa mitaa yenye mabomba ndani ya nyumba hawaijui. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20 kabla ya kuhesabu plastiki yake, na mwanamke wa vijiji vya Kibera kama Gatwekera, Lindi au Laini Saba huuinua kutoka kwenye kioski cha maji, akaupandisha mgongoni au kichwani, akashuka nao vichochoro vyenye matope na mawe ya kurukia, mara kadhaa kwa siku, kuanzia utotoni hadi uzeeni. Kila anapouinua, msukumo ndani ya tumbo hupanda ghafla na kushuka wote juu ya sakafu ya nyonga. Kawangware nako wanawake wengi huondoka alfajiri kwa miguu kuelekea mitaa ya Lavington na Kileleshwa kutafuta kazi ya mama fua, kazi ya kuinama juu ya beseni na kunyanyua mablanketi yaliyolowa maji, na wengi wao huirudia wiki chache tu baada ya kujifungua, kwa kuwa kodi ya nyumba haingojei kidonda kipone. Wanaume wa mjengo, wale wanaopandisha mifuko ya saruji ya kilo 50 kwenye ngazi za majumba yanayoota kila kona ya jiji, nao hubeba mizigo ya namna hiyo bila mtu yeyote kuwafundisha jinsi ya kupumua wanapoinua.

Juu ya mizigo huja kikohozi kisichoisha cha moshi wa makaa na mafuta ya taa katika chumba kimoja kinachotumika kwa kupikia na kulala, na juu ya kikohozi huja suala la choo. Mwezi Julai mwaka 2010 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa vitongoji vya Nairobi, Kibera ikiwa miongoni mwavyo, ikieleza jinsi hofu ya kubakwa na kuvamiwa inavyowazuia kwenda vyoo vya mbali usiku. Mwanamke anayeogopa kutoka nje baada ya giza hujifunza kujibana hadi asubuhi au kuacha kunywa maji jioni, na mazoea yote mawili hukisumbua kibofu, kwa maana mkojo mzito na uliokaa sana hukiwasha na kukaribisha maambukizi, na ukosefu wa maji huleta choo kigumu kinachomlazimisha mtu kujikamua, tendo ambalo nalo huidhoofisha misuli ile ile. Inafaa kusemwa wazi kwamba hakuna zoezi linaloweza kuchukua nafasi ya choo salama kilicho karibu na mlango, na kwamba mtaalamu anayemfundisha mama kukaza misuli bila kuuliza anakojoa wapi amefanya nusu ya kazi.

Uzazi ndio unaoiumiza misuli hii kuliko jambo jingine lolote kwa upande wa wanawake. Kichwa cha mtoto kinapopita, misuli hunyooshwa kupita kiasi na pengine kuchanika, na kadiri mama anavyozaa mara nyingi, anavyosukuma kwa saa nyingi, au anavyozaa watoto wakubwa, ndivyo hatari inavyoongezeka. Matokeo yake ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kuvuja mkojo mama anapokohoa, anapocheka, anapopiga chafya au anapoinua mtungi, na la pili ni kushuka kwa kizazi, ambapo mwanamke huhisi uzito au uvimbe ukining'inia ukeni, hasa jioni baada ya kusimama kutwa. Wengi hudhani kwamba hiyo ndiyo bei ya kuwa mama. Mwanamke wa namna hiyo huanza kujifunga vitambaa, huepuka kukaa karibu na watu kwa kuhofia harufu, na usiku humgeuzia mumewe mgongo bila kueleza sababu, naye mume, asiyeambiwa kitu, hujitafutia maelezo yake mwenyewe, ambayo kwa kawaida huwa mabaya kuliko ukweli.

Penye ukimya wa aina hiyo, biashara huingia. Yeyote anayepita barabara za Nairobi ameyaona mabango ya waganga yaliyobandikwa kwenye nguzo za stima na kuta za vituo vya matatu, yakiahidi kurudisha mpenzi aliyepotea, kufukuza mikosi na kuongeza nguvu za kiume, yote kwa nambari moja ya simu. Kando ya barabara huuzwa mizizi ya mkombero ya kutafuna, kwa ahadi ile ile ya nguvu za kiume, na katika baadhi ya maduka ya dawa vidonge vya sildenafili, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa jina la Viagra, huuzwa kimoja kimoja bila swali lolote, ilhali mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akivimeza anaweza kushukiwa na shinikizo la damu hadi akafa. Wanawake nao huuziwa shabu, ile chumvi nyeupe ya kusafishia maji, pamoja na unga wa majani, wakiambiwa kwamba vitawarudishia ukeni mbano wa usichana. Shabu haiimarishi msuli wowote. Hukausha na kukunja ngozi laini ya ndani, huiachia michubuko isiyoonekana kwa macho, huharibu bakteria wanaoulinda uke, na kwa hiyo huyafungulia mlango maradhi ya zinaa na virusi vya ukimwi kwa mwanamke aliyekuwa akitafuta tu kumpendeza mwenziwe. Huu ni udhalimu unaostahili kuitwa kwa jina lake, kwa sababu pesa inayolipwa hapo ni ya chakula cha siku mbili, na kinachohitajika hasa hakiuzwi.

Kinachohitajika ni mazoezi. Wazo hilo si geni: mwaka 1936 Margaret Morris wa Uingereza, mchezaji dansi aliyesomea pia tiba ya viungo, alichapisha kitabu cha mazoezi ya wajawazito na waliofanyiwa upasuaji, na mwaka 1948 Arnold Kegel, daktari wa magonjwa ya wanawake huko Los Angeles, alieleza utaratibu wa kukaza na kulegeza misuli ya nyonga pamoja na kifaa alichokibuni cha kupimia nguvu zake, ndiyo maana hadi leo mazoezi hayo huitwa kwa jina lake. Kegel aliwatibu wanawake waliokuwa wakivuja mkojo, na baadhi yao walimweleza jambo ambalo hakuwa amewauliza, kwamba raha ya tendo la ndoa nayo imeongezeka, naye akaliandikia makala mwaka 1952. Tangu hapo ushahidi umekusanywa kwa uangalifu zaidi. Mapitio ya mtandao wa watafiti wa Cochrane yaliyotolewa mwaka 2018, yaliyounganisha majaribio 31 kutoka nchi 14, yaligundua kwamba miongoni mwa wanawake waliovuja mkojo kwa kukohoa au kuinua vitu, asilimia 56 ya waliofanya mazoezi walisema wamepona, ikilinganishwa na asilimia 6 ya wale ambao hawakuyafanya.

Kwa wanaume ushahidi ni mdogo zaidi lakini unatia moyo. Mtaalamu wa tiba ya viungo Grace Dorey na wenzake nchini Uingereza waliwafuatilia wanaume 55 waliokuwa na tatizo la uume kutosimama, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 walionyesha kwamba baada ya miezi sita ya mazoezi asilimia 40 walikuwa wamerudia hali ya kawaida, asilimia 35 hivi walikuwa wamepata nafuu, na takriban robo hawakuona badiliko lolote. Robo hiyo isisahauliwe, kwa sababu tatizo la uume mara nyingi hutokana na mishipa ya damu iliyoharibiwa na kisukari, shinikizo la damu au sigara, na kwa kuwa mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, huziba mapema na kutoa onyo miaka kadhaa kabla ya moyo wenyewe kuugua. Mwanamume anayekimbilia kwa mganga anapoona dalili hiyo hupoteza pesa, na pamoja nazo hupoteza nafasi ya kupimwa sukari na presha wakati ambapo matibabu yangemsaidia. Mazoezi huwafaa pia wale ambao matone ya mkojo huwalowesha suruali baada ya kumaliza haja, wale wanaofika kilele upesi mno, na wale waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume, kile kiungo kinachozunguka mrija wa mkojo chini ya kibofu.

Jambo la kwanza ni kuipata misuli yenyewe, na hapo ndipo wengi hukosea. Mtu aketi au alale kwa utulivu, akiwa amekwenda haja ndogo, kisha ajibane kana kwamba anazuia upepo usitoke mbele za watu na wakati huo huo anazuia mkojo, akihisi sehemu hiyo ikivutwa kwenda ndani na juu. Mwanamume akifanya sawasawa ataona shina la uume likiingia ndani kidogo na korodani zikipanda; mwanamke anaweza kuingiza kidole kisafi ukeni na kuhisi kikibanwa pande zote. Matako, mapaja na tumbo la juu vikae vimelegea, na pumzi iendelee kutoka na kuingia, maana anayezuia pumzi anasukuma chini mahali anapotaka kuvuta juu. Kukata mkojo katikati kunaweza kufanywa mara moja tu kwa ajili ya kuitambua misuli, lakini kusifanywe kuwa zoezi, kwa sababu hukizoesha kibofu kubakiza mkojo.

Baada ya hapo mtu hukaza kwa muda wa kuhesabu hadi tano polepole, hulegeza kabisa kwa muda kama huo au zaidi, na kurudia mara nane hadi kumi, kisha huongeza mikazo michache ya haraka, ya kukaza na kuachia papo hapo, ambayo ndiyo inayosaidia kikohozi kinapokuja ghafla. Mfululizo huo hufanywa mara tatu kwa siku, na kadiri wiki zinavyopita muda wa kushikilia huongezwa hadi kufikia kumi. Anayeanza na afanye akiwa amelala, halafu ameketi, halafu amesimama, kwa sababu misuli iliyozoea kitandani tu haitamsaidia mtu kwenye foleni ya maji. Kulegeza kuna uzito sawa na kukaza. Msuli usiopumzishwa huchoka na kuuma. Na kwa wakazi wa Kibera na Kawangware kuna fundisho moja linalostahili kutangulizwa mbele ya mengine yote: kaza kwanza, kisha inua mtungi huku ukitoa pumzi. Mbinu hiyo ndogo, ambayo hutumika vilevile kabla ya kukohoa au kunyanyua beseni, hupunguza kuvuja hata kabla misuli haijapata nguvu kamili. Nguvu yenyewe huja taratibu, na asiyeona matokeo katika wiki ya pili asikate tamaa, kwa maana kipimo cha haki ni miezi mitatu ya kufanya kila siku.

Hata hivyo, si kila tatizo la sehemu hizo hutokana na udhaifu, na hapa pana hatari ya kumfundisha mtu kitu kitakachomzidishia maumivu. Wapo wanawake na wanaume ambao misuli yao ya nyonga imekaza kupita kiasi na haijui tena kulegea: mwanamke ambaye uke wake hujifunga wenyewe kila anapotaka kuingiliwa, aliyebakwa na ambaye mwili wake bado unajikinga, aliyekeketwa na kubaki na makovu, au mwanamume mwenye maumivu ya muda mrefu kati ya korodani na tundu la haja kubwa. Watu hao huhitaji kufundishwa kupumua kwa kina na kulegeza, pamoja na msaada wa mshauri pale kiwewe kilipo, na kuwaambia wakaze zaidi ni kuwaumiza. Ukeketaji umepigwa marufuku nchini Kenya kwa sheria ya mwaka 2011, lakini utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 bado ulikuta asilimia 15 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wametendewa, na baadhi yao wamehamia mijini pamoja na makovu yao. Aliyefanyiwa ukatili wa kijinsia anaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 1195 na kuelekezwa mahali pa kutibiwa.

Kisha kuna fistula, yaani tundu linalotobolewa kati ya uke na kibofu au utumbo baada ya uchungu wa kuzaa uliodumu muda mrefu bila msaada, ambalo humfanya mwanamke avuje mkojo au kinyesi mchana na usiku bila kujali kama amekohoa au ametulia. Zoezi haliwezi kuziba tundu. Upasuaji ndio unaoliziba, nao hufanywa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, iliyo karibu na Kibera, na katika hospitali ya Gynocare mjini Eldoret iliyoanzishwa na Dakta Hillary Mabeya. Anayevuja bila kukoma, anayeona damu kwenye mkojo, au anayeona nyama ikitokeza nje ya uke, aende kupimwa kabla ya kuanza zoezi lolote.

Ukimya unaozunguka mambo haya si urithi wa kale, kinyume na wanavyodhani wengi. Pwani, katika unyago, kungwi au somo alimfundisha mwari habari za mwili wake, usafi, ndoa na mizunguko ya kiuno kwa ngoma na kwa maneno yasiyofichwa, na Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwezi Aprili mwaka 2013, alijulikana kwa mafunzo hayo kama alivyojulikana kwa uimbaji. Huko Buganda kazi kama hiyo ilikuwa ya ssenga, yaani shangazi wa upande wa baba. Yapo katika mafunzo hayo mambo yasiyofaa kurudishwa, kama vile kumfundisha msichana kwamba raha ni ya mume peke yake, lakini palikuwa na mtu mzima aliyepewa jukumu la kusema, na jiji, lililowakusanya watu wa kila kabila katika vyumba vya mabati vya futi kumi kwa kumi, halijamweka mtu mwingine mahali pake.

Mtu huyo anaweza kupatikana, na haihitaji jengo jipya. Mama aliyejifungua Kenya hurudi kliniki mtoto wake anapofikisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kwa ajili ya chanjo, akiwa na kijitabu chake mkononi na akiwa amekaa kwenye benchi pamoja na akina mama wengine wanaongoja zamu. Katika wiki hizo ndipo misuli iliyonyooshwa na uzazi inapohitaji kuamshwa, na kutoka ziara ya kwanza hadi ya tatu ni muda unaotosha muuguzi kufundisha, kusahihisha na kuuliza kama mkojo bado unavuja. Dakika kumi za benchi hilo katika kituo cha afya cha Riruta, jirani na Kawangware, au katika vituo vya Kibera zingewafikia wanawake ambao hawatamwona mtaalamu wa tiba ya viungo maishani mwao. Wanaume hawafiki kwenye benchi hilo, lakini wahudumu wa afya ya jamii, ambao zaidi ya 100,000 walizinduliwa na serikali mwezi Septemba mwaka 2023, huingia nyumbani kwao wakiwa na mashine za kupima presha na sukari, na anayepimwa presha anaweza kuulizwa kwa heshima, bila mkewe wala watoto kuwapo, kama kuna tatizo la nguvu za kiume.

Kaunti ya Jiji la Nairobi na Wizara ya Afya na ziyaweke mazoezi haya katika ziara ya wiki ya sita na katika mafunzo ya wahudumu hao. Na mama atakayekwenda kliniki kabla hilo halijafanyika asingoje kuulizwa: amwambie muuguzi kwamba mkojo unamponyoka anapoinua mtungi, na aombe kuonyeshwa jinsi ya kukaza.